Giza la Upande wa Kushoto

Mjini pale, ukiona bango la saluni linakukonyeza kutoka mtaa wa tatu, ujue ni kazi ya Fundi Mng'aro. Mwanamke huyo alipenda nyekundu kama mtoto anavyopenda sukari, na wateja walimsifu mpaka akavimba kichwa. Mtu mmoja tu alikuwa hajakubali: mama yake mzazi. Picha tatu alizomchorea zilikuwa uvunguni mwa kitanda, zimelazwa kifudifudi.

"Zinanipigia kelele," mama alisema. "Nichore nikishona kwenye taa ya mafuta, kama marehemu baba yako alivyokuwa akinikuta. Ukishindwa, uvunguni bado kuna nafasi."

Maneno hayo yalimchoma Mng'aro. Tangu hapo hakutaka kingine duniani ila kuona picha yake moja, moja tu, ukutani kwa mama.

Asubuhi ya Jumamosi akaziba madirisha kwa mablanketi, akawasha taa, akamketisha mama mbele ya cherehani. Wote wawili jasho likawatoka. Taa akaiweka katikati ya picha kama mgeni rasmi, nyekundu akaimwaga kwenye kitambaa cha kichwa, na kila rangi akaichanganya humo humo chumbani. Picha ilipendeza, mpaka alipoitoa uani.

Mwanga wa taa una umanjano wake, na ndani yake rangi ya manjano huwezi kuipima. Mng'aro alikuwa ameizidisha bila kujua. Juani, mama alikuwa wa manjano kuanzia paji la uso hadi vidole.

Mama akaizunguka picha, mikono kiunoni. "Mwanangu, huyu mtu apelekwe hospitali."

Mng'aro alicheka, lakini moyo ulimuuma. Jumapili akaanza upya. Anachungulia chumbani, anakariri rangi moja, anakimbilia barazani kuichanganya kwenye mwanga wa mchana, anarudi kuipaka. Mama akawa anamhesabia safari.

"Ya arobaini na mbili. Leo utaisha mwili."

Makopo ya rangi kali hayakufunguliwa. Alitumia hudhurungi, nyeusi, kijivu, na nyeupe kidogo, kwa kubania. Taa akaificha nyuma ya cherehani, ikabaki nuru yake tu kwenye mikono na shavu moja la mama. Nyekundu ilipata sehemu moja, uzi kwenye sindano, na hata huo aliupoza kwa hudhurungi.

Aliyesumbua ni mama mwenyewe. Kila mara alisogeza kigoda kulia na kugeuza uso kushoto, kuelekea mlangoni.

"Mama, kaa katikati basi."

Anakaa. Mng'aro akitoka na kurudi, anamkuta amesogea tena. Mwishowe fundi alisalimu amri, akamchora pale pale pembeni alipojiweka, na theluthi nzima ya picha, upande wa kushoto wa mlangoni, ikabaki giza tupu.

Vidole vilimwasha. Mtu wa mabango haachi sehemu wazi. Mwenye duka atauliza mbona hapa hamna kitu. Jumatano, rangi ilipokauka, alishika brashi ili apachike saa ya ukutani kwenye lile giza.

Mama akamshika mkono. "Saa ya nini? Baba yako hakuwahi kufika kwa wakati hata siku moja."

"Lakini Mama, hapa pako wazi mno."

"Hapako wazi. Hapo ndipo alipokuwa akisimama, viatu mkononi, ananitazama akidhani sijamsikia. Na mimi najifanya sijamsikia, mpaka nimalize mshono."

Mng'aro aliiweka brashi chini. Jumapili nzima alikuwa akimwambia mama akae katikati, kumbe mama alikuwa akimpisha mtu. Akabaki amesimama, macho kwenye lile giza.

"Usinisimamie kama mlingoti," mama alisema. "Leta nyundo."