Watu Saba Mbele ya Lango

Kijana aliyeingia uani kwa Yanjmaa hakuita "shikeni mbwa." Hilo peke yake lilitosha kumharibia. Mtu mwenye nia njema, hata akijua nyumba haina mbwa, husimama nje ya uzio na kuita, mwenyeji ajue kuna mgeni. Huyu alisukuma lango la mbao, akapita moja kwa moja hadi mlangoni pa hema, begi kwapani.

Yanjmaa alimkaribisha, maana mgeni hafukuzwi bila chai. Akampa bakuli la chai ya maziwa na chumvi, akamsogezea jibini kavu, kisha akakaa kumchunga mikono.

Kijana alisema anaitwa Bilegt, na anatafuta picha za zamani za Ulaanbaatar kwa ajili ya maonyesho ya historia ya jiji. Akatandaza alizonazo juu ya meza fupi: mahekalu yaliyobomolewa, ngamia barabara kuu enzi za matope, mahema yamesongamana pale ambapo leo kuna maghorofa. Kwa kila picha aliuliza uzio huu uliishia wapi, njia ile ilipita wapi. Yanjmaa alimjibu nusu nusu. Historia gani hiyo ya kuulizia nyua za watu? Kule bondeni, walikobomolewa nyumba, walianza hivyo hivyo, leo maswali matamu, kesho tingatinga.

Ndipo kijana akasema kwamba Pagma, jirani, amemdokezea kuwa humu ndani mna picha yenye tundu.

Pagma na mdomo wake! Yanjmaa alikaza uso. Picha ilikuwemo, chini kabisa ya sanduku, wala haikuwahi kuwekwa kwenye fremu pamoja na za ukoo. Watu saba wamesimama mbele ya lango la kiwanda cha kuchapa vitabu: wanaume sita na msichana mmoja. Wa pili kutoka kushoto ni baba yake, naye hana uso. Mama alimkata kwa mkasi mwaka ule wa kamatakamata, wakati kukutwa na picha ya adui wa taifa kulitosha kumpeleka mtu kusikorudiwa. Yanjmaa alikuwa bado ananyonya. Picha nyingine ya baba hakuna. Sasa ana miaka sitini na ushei, na bado akichana nywele mbele ya kioo hujiuliza pua hii ameitoa wapi. Angempa mtu chochote alichonacho ili auone uso ule mara moja tu kabla hajafa.

Tena kulikuwa na yule msichana. Wanaume wote sita walichukuliwa, watano kwa mkupuo mmoja wakati wa vuli, baba peke yake baadaye, theluji ilipoanza kuyeyuka. Msichana akabaki. Yanjmaa hakuhitaji kuambiwa zaidi: aliyebaki ndiye aliyewauza wenzake. Alimchukia maisha yake yote bila hata kumjua jina.

"Sina picha," alisema.

Bilegt hakubisha. Alisema ni bahati mbaya, kwa sababu anayo picha ya wachapaji, ila imeharibika, na alitumaini kupata nakala nyingine.

Yanjmaa akaweka bakuli chini. "Nionyeshe yako kwanza."

Kijana alisita, akasema hiyo si ya maonyesho bado, ni ya bibi yake mzaa mama. Msichana pekee aliyemo ndiye bibi yake.

Damu ilimpanda Yanjmaa kichwani. Mjukuu wa yule mwanamke, kakaa kwake, anakunywa chai yake!

"Bibi yako alinusurikaje?"

"Walipokuja alikuwa malishoni kwao, amekwenda kumzika mama yake. Aliporudi hakumkuta mtu. Mumewe ni mmoja wao, wa kwanza kulia pichani."

"Ndivyo alivyokwambia."

"Ndivyo alivyoniambia, bibi," alisema Bilegt kwa upole, akaitoa picha.

Lango lilikuwa lile lile. Nyuso tano zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, duara safi safi, kazi ya mtu asiyetaka kuumiza hata karatasi. Wa sita hakukatwa. Alikuwa amechomwachomwa kwa sindano, macho, mdomo, shingo, mpaka uso wote ukawa unga.

Alikuwa wa pili kutoka kushoto.

"Hawa aliwakata kwa woga, huku analia," Bilegt alieleza. "Babu yangu sijawahi kumwona sura."

"Na huyu?"

"Huyu bibi hakumchoma kwa woga. Jina hakulitamka mpaka anakufa. Alisema tu ndiye aliyekuwa akipeleka maneno, na wakubwa walipomaliza haja naye wakamla na yeye."

Muongo, Yanjmaa alijiambia. Mwizi huwa wa kwanza kuonyesha kidole. Alilishikilia wazo hilo kwa nguvu zote, na lilimpoza kidogo. Lakini hizi nyuso tano zilizokatwa huku, kwenye picha ya mama zilikuwepo zote, zinacheka. Maadui wa taifa watano, na mama hakuwagusa. Mwanamke mwenye woga angewakata wote, au angeichoma picha yote motoni. Mama alimkata mmoja tu, mumewe. Na kila vuli, Yanjmaa alipobeba maua kwenda kwenye kumbukumbu ya waliouawa, mama alisingizia miguu.

Bilegt alikuwa anarudisha picha zake begini. Akashukuru kwa chai, akaomba radhi kwa usumbufu. Hakuna aliyejua. Pagma aliwahi kuliona tundu tu, basi, na kijana angetoka na mambo yangeishia hapo.

"Kaa," Yanjmaa alisema.

Alifungua sanduku, akatoa picha, akampa kwa mikono miwili. Kijana aliinama juu yake na kumtafuta wa kwanza kulia. Alipompata alijifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika. Yanjmaa alimwacha alie. Kisha akaona macho yake yakihama polepole kuelekea kushoto, yakafika kwenye tundu, yakasimama. Yalipoinuka yalimtazama yeye, naye hakuyakwepa.

"Ichukue," alisema. "Hao watano wana watoto, nao wanangoja."

Bilegt alitoa kalamu. Alisema chini ya picha huandikwa majina, akauliza huyu mwenye tundu amwandike nani.

Yanjmaa angeweza kusema hajulikani. Jijini hapa kila mtu hubeba jina la baba yake mbele ya lake, na yeye huitwa hivyo zahanatini, sokoni, na kwenye ile kumbukumbu ya vuli, mbele ya watu.

"Andika Lhagva," alisema. "Mimi ni Yanjmaa, binti wa Lhagva. Andika na hilo."