Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Gari langu lilikuwa linazimika akipanda mama mkwe tu. Nikiwa peke yangu, linakwenda. Nikiwa na mke wangu, linakwenda, na yeye anaongea njia nzima. Akipanda mama yake, hatujafika popote pa maana, injini inakata katikati ya barabara, wa nyuma wanapiga honi, na mimi jasho la aibu linanitoka. Tukikaa pembeni kidogo linawaka tena, eti halijafanya kitu.

Mama mkwe alikuja kwetu kufanyiwa upasuaji wa macho. Ukungu ulikuwa umemjia kidogo kidogo miaka mingi, sasa akawa anatutambua kwa sauti. Safari za kwenda kupimwa ziliishia pembeni mwa barabara, upasuaji ukaahirishwa. Asubuhi moja nikamkuta anakunja nguo zake kwa kupapasa.

"Narudi kwangu," alisema. "Macho yabaki yalivyo. Gari la mkwe likikukataa, mwenye kuelewa anaelewa."

Nikamwambia tuchukue teksi. Ningejua ningeung'ata ulimi. Yeye alisikia namtafutia mtu mwingine wa kumbeba. Mke wangu ndiye aliyenimaliza, jikoni, kwa sauti ya chini: "Gari halina akili ya kumkataa mtu. Dereva ndiye aliye nayo."

Yaani nazima gari makusudi. Nilipandwa na hasira, nikatoka bila kuaga, moja kwa moja hadi kwa fundi.

Fundi huyu tunamwita Subiri, maana ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja. Alikuwa ameshalipima gari langu kwa kompyuta yake, likaonekana zima. Alikuwa ameshalikimbiza barabara kuu, akarudi ananiambia labda mgonjwa ni mimi. Safari hii nikamweleza yote, pamoja na maneno ya jikoni. Hakucheka.

"Ukiwa na mkweo unaendeshaje?"

"Kwa adabu."

"Basi nataka kuiona hiyo adabu."

Kwa hiyo nilipompeleka mama mkwe stendi na begi lake, fundi alikaa mbele, kompyuta mapajani, waya umechomekwa chini ya usukani. Mama alikaa nyuma, mgongo umenyooka. Nikaendesha kama siku zote nikiwa naye: gia ya chini, taratibu kama nimebeba trei ya mayai, kila tuta naliomba radhi. Baiskeli zilitupita. Jua lilikuwa kali, na fundi macho yake hayakutoka kwenye kioo cha kompyuta.

Tunaliona geti la stendi, injini ikakata.

"Mnaona," mama alisema, polepole. Ile sauti iliniuma kuliko maneno yote ya jikoni.

"Subiri, mama," fundi alisema, kisha akanigeukia. "Washa."

Nikazungusha ufunguo. Injini ilizunguka bila kuwaka. Akanionyesha kioo: injini inazunguka, lakini hesabu ya mizunguko imeganda kwenye sifuri. Sensa, kile kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko hiyo, ilikuwa imelala, na bila yake gari halijui lini litoe cheche. Akaomba chupa ya maji ya mama, akafungua boneti, akayamimina taratibu juu ya sensa.

"Washa sasa."

Likawaka. Nilicheka peke yangu kama mwehu, machozi yakanilenga.

Fundi alikwenda dirishani kwa mama. "Mama, gari halijakukataa. Kuna kifaa kimechoka, kikipata joto kinalala. Akiwa peke yake anakimbiza, upepo unaingia, kinapoa. Akikupakia wewe anatambaa, injini inajipika yenyewe. Hapa kosa ni heshima ya mkweo."

Mama aligeukia sauti yake. "Kwani huwa anakwenda polepole kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako tu. Sisi wengine anataka kutuua."

Nikasikia begi linawekwa chini kutoka mapajani.

"Geuza gari, baba," akaniambia. "Na ukimbize."

Nilikimbiza. Sijawahi kuendesha nikiwa na moyo mwepesi namna ile. Fundi alibadilisha sensa siku hiyo hiyo, na jioni nikamzungusha mama mtaani kwa adabu zangu zote, gari halikuzima hata mara moja. Mke wangu aliniomba msamaha kwa njia yake, yaani hakusema kitu, ila chai ilinifuata mpaka nilipokaa.

Siku mama alipofunguliwa bandeji ya macho, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele yake. Alinitazama usoni, macho yakapanda hadi kichwani, yakakaa huko muda mrefu.

"Kumbe una mvi," alisema. "Na mimi miaka yote hii namwambia mwanangu akuvumilie, wewe bado kijana."