Bomba la Pembeni

Msoma mita wa kiwanda cha mablanketi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye hatua fupi za haraka na mwandiko unaosomeka kuliko wa mtu mwingine yeyote pale ofisini. Wenzake walimwita Mama Mita. Kila siku saa moja asubuhi alizunguka kiwanda na daftari lenye jalada gumu, akianzia mita ya umeme iliyo karibu na geti, kisha ya maji, na kumalizia mita ya mafuta nyuma ya nyumba ya boila. Alinakili tarakimu, akaweka sahihi, akaenda kunywa chai.

Zamani hakuna aliyejali daftari lile. Mambo yalibadilika mwaka ambao mteja mkubwa wa kiwanda, kampuni yenye mahoteli katika nchi kadhaa, aliandika barua kuuliza kila blanketi linatoa kaboni kiasi gani hewani kabla halijafungwa kwenye plastiki. Meneja hakuwa na jibu. Ndani ya miezi miwili jibu likatafutwa, na pamoja nalo ikatolewa ahadi: kiwanda kingepunguza hewa chafu yake kwa asilimia ishirini katika miaka miwili. Kwa kuwa karibu moshi wote ulitoka kwenye boila, macho yote yakahamia huko, na mita mpya ya mafuta ikafungwa. Tangu hapo daftari la Mama Mita likawa linaitishwa mezani kwa meneja kila mwisho wa mwezi.

Fundi boila alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake. Ndiye aliyemwombea kazi pale miaka kumi na miwili nyuma, na hakuacha kumkumbusha, ingawa kwa utani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Aliijua boila ile kama mtu anavyomjua mkwe mkorofi: alijua lini itanuna, na nini kitaituliza. Kwa miaka alikuwa akiomba mabomba ya mvuke yavikwe upya, maana vitambaa vyake vya kuzuia joto vilikuwa vimechanika, na mvuke ulivuja kila kona kiasi kwamba wafanyakazi wa chumba cha rangi walikuwa wakianika soksi zao juu ya mabomba. Kila mwaka aliambiwa asubiri.

Mwaka wa kwanza wa ahadi ulipokwisha, hesabu ilionyesha kuwa matumizi ya mafuta yameshuka kwa asilimia ishirini na mbili. Lengo la miaka miwili lilikuwa limepitwa kwa mwaka mmoja. Meneja alivimba kichwa, na hakuna aliyemlaumu. Ripoti ilitumwa kwa mteja. Bango lilipandishwa ukutani. Fundi boila alipewa cheti, akapigwa picha akiwa ameshika gurudumu la valvu, na akateuliwa kuwa kiongozi wa mazingira wa kiwanda. Siku hiyo hiyo ombi lake la kuvika mabomba lilirudishwa likiwa na maandishi ya kalamu nyekundu: lengo limefikiwa, lisubiri.

Mama Mita alimpigia makofi kama wengine.

Wiki tatu baadaye karani wa stoo alikwenda likizo, na yeye akaombwa kumshikia nafasi. Ilikuwa kazi ya kupokea mizigo na kujaza kitabu. Siku ya pili lori la mafuta likaingia. Alipofungua kitabu ili aandike, aliona kwamba mwezi ule lori lilikuwa limekwishakuja mara mbili. Akarudisha kurasa nyuma. Kila mwezi mara tatu. Akachukua kitabu cha mwaka uliotangulia, kabla ya ahadi na mabango. Humo pia, mara tatu kila mwezi, isipokuwa mwezi mmoja ambao lilikuja mara nne.

Alikaa akikitazama kitabu mpaka dereva wa lori akapiga honi.

"Mama, unanisainia au nilale hapa?"

Akamsainia.

Alipotoka stoo alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ya boila. Mafuta ya boila yalikuwa mazito na meusi, na ili yatiririke ilibidi yapashwe moto kwanza. Kutoka tangini yalipita katika bomba lenye mita. Kando yake palikuwa na bomba la pili, jembamba kidogo, lililowekwa kwa ajili ya siku mita inapofunguliwa kusafishwa. Bomba hilo la pembeni lilipaswa kufungwa siku zote. Bomba lililofungwa huwa baridi.

Aliweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka. Lilikuwa la moto.

Alimkuta shemeji yake ndani, amekaa kwenye kopo lililogeuzwa, anasoma gazeti la juzi. Boila ilikuwa ikinguruma, hivyo alimwashiria watoke nje.

"Shemeji, bomba la pembeni linapitisha mafuta."

Fundi hakuuliza bomba gani. Alikunja gazeti mara mbili, tena mara ya tatu, mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono.

"Umeligusa?"

"Nimeungua."

Akamweleza, na hakumzungusha. Mwezi wa nne wa mwaka uliopita chujio la mita lilikuwa limeziba uchafu katikati ya zamu, moto ukaanza kufifia huku mablanketi elfu moja yakiwa kwenye kikaushio. Alifungua bomba la pembeni ili kazi isisimame. Baadaye akasafisha chujio na kulifunga. Aliamini amelifunga. Lakini valvu ile ilikuwa imelika ndani, ikawa inapitisha mafuta hata ikiwa imekazwa. Sehemu ya mafuta ilipita kwenye mita, na sehemu ilipita kando bila kuhesabiwa.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na ukanyamaza."

"Meneja alikuwa ameshanipongeza mbele ya watu, shemeji. Nilisema nitabadilisha valvu kimyakimya, hesabu ipande yenyewe pole pole. Valvu haikuletwa. Mara ripoti. Mara picha." Alijaribu kucheka. "Ningeanzia wapi?"

Mama Mita alimwambia aanzie kwa meneja, na kwamba anampa mpaka Jumatatu. Fundi alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Jioni hiyo fundi alitangulia kufika nyumbani kwa kaka yake. Mume wa Mama Mita alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole asiyependa kelele, na mkewe alipoingia alimkuta ameketi peke yake kwa namna iliyoonyesha kwamba mgeni ameshapita.

"Mama Pacha," alisema, kwani watoto wao wa kwanza walikuwa mapacha, "hivi moshi wa hao watu unatuhusu nini sisi?"

"Hautuhusu moshi. Unatuhusu uongo. Kila siku mimi ndiye naweka sahihi."

"Ulikuwa hujui."

"Jana nilikuwa sijui. Kesho asubuhi nitaandika nini?"

Mume alisema tu kwamba mdogo wake ana mke mjamzito, na kwamba kuna mambo ambayo watu wa nyumba moja huyameza tu. Wakala. Mapacha, waliokuwa na umri wa kutosha kuona kila kitu, waliosha vyombo bila kuambiwa.

Asubuhi alinakili tarakimu ya mita kama kawaida, lakini pembeni yake aliandika: bomba la pili liko wazi. Hakuweka sahihi.

Jumatatu ilifika, fundi hakwenda. Aliomba ruhusa, akasema mke anaumwa. Saa nne Mama Mita alipiga moyo konde, akapanda ngazi na vitabu viwili, daftari lake na kile cha stoo, akaviweka mezani vikiwa wazi kurasa alizozitaka.

Meneja alikuwa mtu aliyesoma haraka. Alitazama kushoto, kulia, kushoto tena. Kisha akaondoa miwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi boila. Na mume wangu."

"Na wewe ulikuwa wapi miezi yote hii? Si unapita pale kila siku?"

Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe tangu siku ile. "Nilikuwa nasoma mita," alisema. "Sikutazama bomba. Hilo ni kosa langu, liandike."

Meneja alimwambia aviache vitabu na arudi kazini. Siku tatu hakuna aliyemwita. Alifanya kazi yake akiwa na hakika kwamba anafukuzwa, na alishangaa kuona kwamba hofu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba shemeji yake alipokutana naye kwenye korido aligeuza uso na kujifanya anasoma tangazo la zimamoto.

Siku ya nne meneja aliwaita wote wawili. Valvu mpya ilikuwa mezani, ndani ya boksi.

"Nimefanya hesabu kwa malori," alisema. "Hatukupunguza asilimia ishirini na mbili. Tumepunguza tatu." Akalisogeza boksi pembeni. "Nilifikiria kukaa kimya, sitawadanganya. Lakini wakaguzi wa mteja wanakuja mwezi wa nane, na kitu cha kwanza watakachoomba ni kitabu cha stoo. Afadhali walisikie kutoka kwetu. Barua nimeituma leo asubuhi."

Akamgeukia fundi. Alimvua uongozi wa mazingira na kumpa onyo la maandishi. Boila angeendelea nayo, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuishika. Mama Mita naye alipewa onyo, fupi zaidi. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Asilimia ishirini inawezekana, bosi. Ipo. Inatoka pale kwenye mabomba kila siku, mnaiona kwa macho. Ombi langu umelirudisha wewe mwenyewe."

Meneja alichukua kalamu. Kisha akauliza lile ombi liko wapi.

Mteja alijibu kwa barua ya mistari sita. Alishukuru kuambiwa ukweli, na akapunguza oda ya msimu uliofuata kwa nusu. Zamu ya pili ilisimama kwa wiki kumi. Wafanyakazi walipogundua sababu, wengine waliacha kumsalimia Mama Mita, na mwanamke mmoja wa kushona pindo alimwambia usoni kwamba amewamwagia watu unga kwa sababu ya tarakimu. Hakubishana naye. Yule mama alikuwa amepoteza wiki kumi za kazi, na hakukuwa na namna ya kulisema jambo hilo likawa jepesi.

Kwa kuwa mashine zilikuwa zimesimama nusu, mabomba yakafikika. Fundi na vijana wanne wa matengenezo waliyavua matambara ya zamani na kuyavika sufu mpya ya kuzuia joto, kisha mabati membamba juu yake. Mitego ya mvuke, vile vyombo vidogo vinavyotakiwa kutoa maji na kuuzuia mvuke, ilikuwa mia moja na ishirini. Mama Mita aliikagua mmoja mmoja, akaandika namba kwa chaki. Arobaini na tatu ilikuwa imekufa. Katika kazi hiyo yeye na shemeji yake walilazimika kuongea.

"Namba sitini na nane?"

"Imekufa."

"Sitini na tisa?"

"Nzima."

Kwa wiki mbili walizungumza hivyo tu. Katika wiki ya tatu, walipofika chumba cha rangi, kijana mmoja alikuja na soksi mkononi, akaligusa bomba lililovikwa, akalalamika kwamba sasa watakausha wapi. Fundi aliangua kicheko mpaka akashika ngazi. Mama Mita akacheka pia. Hawakuombana radhi, wala hakuna aliyeanza kulieleza jambo upya.

Mwaka wa pili ulipokwisha, malori yalihesabiwa, mita ikasomwa, na mara hii vitabu viwili vilikubaliana: hata baada ya kuziondoa zile wiki kumi za zamu iliyosimama, asilimia kumi na sita. Ilikuwa chini ya ahadi. Meneja aliiandika hivyo hivyo, akaongeza aya moja kueleza kwa nini haikufika ishirini, na mteja akarudisha robo ya oda aliyoipunguza. Zamu ya pili ilirudi, ingawa si kwa watu wote. Yule mama wa kushona pindo alikuwa ameshapata kazi kwingine.

Jumapili moja fundi alifika kwa kaka yake na mke wake na mtoto wa miezi saba, mara ya kwanza tangu mambo yale. Mume wa Mama Mita alimpokea mtoto mlangoni, akaingia naye ndani, na hilo likatosha kuwa makaribisho. Wakati meza inaandaliwa fundi alitoa mfukoni karatasi, akaikunjua juu ya kitambaa cha meza. Alikuwa amechora kwa penseli mashine za rangi na mtaro wa maji machafu.

"Shemeji, maji ya rangi tunayamwaga yakiwa ya moto kabisa. Tukiyapitisha karibu na maji baridi yanayoingia kwenye boila, tunapata nne zetu zilizobaki."

Mama Mita aliivuta karatasi kwake, akaitazama.

"Mita utaiweka wapi?"

"Hapa."

"Hapo hapafai, itakuwa nyuma ya tangi, nitaisomaje? Iweke huku."

"Huku kuna ngazi."

"Basi ihamishe ngazi."

Mume aliwaambia chakula kinapoa. Wakasema wanakuja, na fundi akaomba kifutio.