Bia ya Kumpokea Zebedayo

Zebedayo alipiga simu kutoka Ubelgiji akasema anakuja Tanga baada ya wiki saba, na kwamba amesikia mdogo wake siku hizi anapika bia nyumbani. Kisha akaongeza, kama mtu anayeagiza chai, "Nipikie ile bia chachu ya huku."

Wilfred alikata simu akabaki jikoni amekaa. Miaka kumi na minne hawakuwa wameonana. Zebedayo hakuja hata kumzika mama. Leo anaagiza uchachu, yeye anayejua kuliko mtu yeyote maana ya uchachu katika familia yao. Baba yao alikuwa mkata mkonge, na kila siku alirudi kambini walikoishi akinuka pombe ya mnazi iliyolala ikachacha. Harufu ile ikiingia mlangoni tu, mama aliwasukuma watoto uvunguni mwa kitanda. Wilfred ana miaka arobaini na sita, na hadi leo hata mtindi humpanda kooni.

Hata hivyo alichukua daftari, akaorodhesha bia za Ubelgiji. Alianza na za kukataa. Lambiki, inayoachwa ichachushwe na vijidudu vya hewani, ilitoka ya kwanza, tena hutaka mwaka na zaidi. Ile nyekundu ya Flanda, nayo chachu, ikafuata. Bia nyeupe ya ngano, yenye ganda la chungwa na giligilani, ilimvutia, maana machungwa ya Muheza yalikuwa tele sokoni Ngamiani, lakini alisoma kwamba ina uchachu kidogo kwenye ncha ya ulimi, akaiogopa. Tripeli, bia yenye kilevi kingi, haina uchachu, ila joto likizidi inapoumuka huunguza koo, na Februari ya Tanga haina ubaridi wa kumgawia mtu. Ikabaki sezoni, bia iliyokuwa ikipikiwa vibarua wa mashambani: kavu, yenye ladha ya pilipili manga, na hamira yake hupenda joto.

Mkewe, Benedikta, alimwuliza kama atamwambia kaka yake kwamba hapiki ile aliyoagiza. Akajibu kwamba ataona.

Kimea na hamira vilitoka Mombasa, vikakwama mpakani Horohoro siku nne. Ndoo aliisuuza kwa maji ya moto mara mbili, kwa sababu uchafu kidogo tu ungeichachusha bia yote, na muda wa kupika nyingine haukuwepo. Siku ya kumi na mbili tangu aipike bia, akafungua kifuniko. Harufu kali ikampiga puani, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Onja wewe," alimwambia Benedikta. "Mimi siwezi."

Benedikta alichota kikombe, akanywa funda moja, kisha la pili. Wilfred alitazama koo lake tu.

"Haijachacha," akasema. "Njoo."

Zebedayo alifika Jumapili baada ya misa, amekonda, kichwa chote mvi. Walipokwisha kula, Wilfred alimmiminia. Kaka yake alionja, akaweka glasi mezani polepole.

"Hii siyo niliyokuagiza."

"Siyo, kaka. Ile siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Na unajua kwa nini."

Benedikta alibaki amesimama na bakuli mkononi. Zebedayo akaanza kusimulia huku akiangalia meza. Miaka ya kwanza kule alikuwa akivuka barabara asipite karibu na baa. Halafu siku moja aliingia, akaagiza ile chachu kuliko zote, akainywa huku jasho likimtoka. Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, mpaka harufu ile ikaacha kuwa ya baba.

"Nilitaka uionje nikiwa karibu yako," akasema. "Mama alipokufa nilishakata tiketi. Nikaiogopa ile nyumba. Ni woga tu ulionizuia nisije, Wilfred, basi."

Wilfred hakumwambia amemsamehe, kwa kuwa hakuwa amemsamehe. Alifungua chupa nyingine, akamjazia kaka yake glasi, akajaza na yake. Walikunywa bila kugonganisha glasi. Benedikta akaketi nao.

Kesho yake ndugu hao wawili walikodi bodaboda hadi kambini, wakang'oa majani yaliyofunika kaburi la mama yao. Kazi ile iliwachukua asubuhi nzima.