Mguu Usio Wake

Mhariri wa jarida aliomba picha moja tu: tumbo la mbawakawa, lionekane vizuri. Mengine yote yalikwisha kukubaliwa na kurasa zilikuwa zimepangwa. Lililobaki ni Bi Mende kuituma na kusema "sawa" kabla ya ofisi kufungwa jioni ile, ili maelezo yake ya mdudu mpya yaende kuchapwa.

Bi Mende hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, siku alipomkuta jikoni ameinamia kopo la wadudu badala ya mboga. Alieleza mpaka akachoka kwamba mende na mbawakawa hawana hata undugu wa kuazimana chumvi, lakini jina lilikwisha kushika, likamfuata hadi chumba cha wadudu cha makumbusho alikofanya kazi ya kutunza droo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiwachoma pini mbawakawa walioletwa na watu wengine, akiwapangusa vumbi na kuwaandikia lebo za herufi ndogo kama punje za mchanga. Kuwapa majina ilikuwa kazi ya wengine. Huyu alikuwa wa kwanza kuwa wake. Alimwokota mwenyewe chini ya jiwe, karibu na kilele cha mlima, na mwenyewe ndiye angemtambulisha kwa ulimwengu.

Alikuwa mweusi wa kuelekea kahawia, mdogo kuliko harage, mgongo umetuna. Mabawa yake magumu ya juu yalishikana katikati kama mabati yaliyochomelewa. Mdudu wa kutembea tu. Kuruka aliwaachia wengine.

Ili apigwe picha ya tumbo ilibidi abanduliwe kwenye kikadi alichogundishwa. Bi Mende alifanya kama afanyavyo siku zote: maji ya uvuguvugu, brashi ya nywele chache, na subira. Gundi ikalegea. Mbawakawa akateleza taratibu, na mguu wake wa pekee wa nyuma ukabaki kwenye kikadi.

Miguu huanguka, si ajabu. Aliuchukua kwa kibano, akauweka chini ya hadubini ili aone pa kuurudishia. Hapo mkono wake ukasimama. Kichwa cha mguu kilikuwa kinene kuliko tundu la mwilini. Aliugeuza huku, akaugeuza kule. Ilikuwa kama kulazimisha mfuniko wa sufuria ukae kwenye birika.

Akakumbuka mvua. Siku ile yeye na shemeji walipokuwa wakishuka mlimani, chupa yenye wadudu wa kijitoni ilipasuka, na shemeji akaokoa kilichookoleka kwa kukimimina kwenye chupa ya wadudu wa kileleni. Mbawakawa alifika nyumbani bila miguu yote miwili ya nyuma, na mguu mmoja ulikuwa umelala chini ya chupa. Asiye na mguu alikuwepo, na mguu usio na mwenyewe ulikuwepo. Nani asingewaoza kwa tone la gundi?

Ubaya ni kwamba mguu ule ndio uliobeba maelezo yote. Mlima wa jirani una mbawakawa wake, anayejulikana tangu zamani, na ukiwaweka pamoja utadhani ni mapacha. Kilichowatenganisha kilikuwa ndoano ndogo kwenye muundi wa mguu wa nyuma. Mguu ukiondoka, spishi mpya nayo inaondoka.

Mkuu wa chumba kile alikuwa mzee mpole aliyezeeka na buibui, hata wakamwita hivyo: Mzee Buibui. Bi Mende akamwendea.

"Mzee, mguu si wake."

"Wa nani?"

"Sijui."

Mzee Buibui aliinama kwenye hadubini, akakaa humo muda. Alipoinuka alikohoa kidogo. "Una mkono mwepesi, mwanangu. Tone moja la gundi, urudi ulipokuwa. Mdudu mwenyewe hana wakili."

"Hana. Ndiyo maana siwezi."

"Nisikilize. Mlima ule siku hizi unapandwa na wengi wenye vibano. Ukizuia kurasa leo, mwakani utamsoma huyu kwenye karatasi ya mtu mwingine. Nami nilitaka nikuone ukitoa jina kabla sijastaafu."

Yalimchoma, maana yalikuwa kweli. "Atakayekuja baada yangu atapanda kule kumtafuta mwenye ndoano," Bi Mende akasema. "Atamkosa mpaka azeeke. Njia ya mwongo ni fupi, mzee, lakini hii ingekuwa ndefu, na ningempitisha mwenzangu."

"Basi mpasue mgongo uone chini ya mabawa magumu. Yule wa jirani ana vibawa vidogo vilivyodumaa. Huyu akiwa hana, umeshinda."

"Na akiwa navyo?"

"Utakuwa umejua."

"Nitakuwa nimejua, na wa pekee nimemvunja. Hapana. Huyu haguswi. Nitarudi mlimani nikawatafute ndugu zake."

Kabla ya jioni alimwandikia mhariri: *Simamisheni. Nimekosea mguu.*

Shemeji alikuwa fundi wa matairi, na katika ukoo mzima ndiye pekee mwenye mapafu ya mlima ule. Alipoambiwa safari inahusu nini, aliweka chini spana yake.

"Yaani tunapanda kule kwa ajili ya mguu?"

"Kwa ajili ya mwenye mwili."

"Na mimi kosa langu nini?"

"Si wewe uliyemimina?"

"Chupa ilipasuka! Mvua ile, shemeji, ningewashika kwa meno?"

"Sijakulaumu. Nimekuomba ubebe hema."

"Ungenilaumu tu. Lawama haina uzito."

Juu kule upepo haukuwa na adabu. Walitambaa katikati ya nyasi za vishada, wakifunua jiwe baada ya jiwe, na kila jiwe Bi Mende alilirudisha kama alivyolikuta, upande uleule, shimo lilelile. Shemeji alipoliacha moja limepinduka, aliitwa alirudishe. "Mwenye nyumba akirudi akute paa," akaambiwa. Siku ya kwanza walipata nyungunyungu, buibui na magoti yaliyolowa.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," shemeji alinung'unika. "Mimi sitaki cha mvunguni, mbona nimeinama?"

Siku ya pili ukungu ulishuka mpaka wakawa wanaonana kwa sauti. Shemeji alisimama, akajinyoosha mgongo. "Bi Mende, tushuke. Hawa wamehama."

"Wahame kwa mabawa gani? Wewe shuka, upumzike kambini. Mimi nikishuka leo bila kitu, nitapanda tena."

Hakusema kwa hasira. Alikwisha kulishika jiwe jingine. Basi shemeji naye akapiga magoti.

Ndiye aliyempata. "We! Njoo umwone jamaa yako. Hana hata akili ya kukimbia!"

Bi Mende alilala kifudifudi kwenye tope. Mbawakawa alikuwa akipanda ukingo wa shimo pole pole kama mtu aliyebeba gunia, miguu yote mahali pake. Miundi ya nyuma ilikuwa imenyooka, laini, bila ndoano. Bi Mende alifurahi, na papo hapo akaogopa: sasa mdudu huyu alikuwa pacha kamili wa yule wa jirani.

Chini ya mawe ya kando walikuwamo wengine. Alichukua wachache, madume na majike, kila mmoja chupa yake na lebo yake, akawaacha waliobaki. Chupa alizibeba mwenyewe, zimefungwa moja moja kwenye soksi.

Katika chumba cha wadudu, Mzee Buibui alisimama nyuma ya kiti cha Bi Mende.

"Usinipumulie, mzee."

"Nilikwisha kuacha kupumua."

Ncha ya pini ilipita kwenye mshono wa mgongo, ikarudi, ikapita tena. Mabawa magumu yakaachana. Chini yake hapakuwa na kitu. Hata pale ambapo bawa lingeshikia palizibwa, kama ukuta usiowahi kuwa na dirisha. Akafungua mwingine, kisha jike. Ni vilevile. Akavuta droo ya mlima wa jirani: vibawa vilivyodumaa vilikuwepo, kama vipande vya kucha.

Mzee Buibui alishusha pumzi. "Basi ana kwao."

Maelezo yaliandikwa upya. Bi Mende alitaja wazi kwamba mguu wa awali haukuwa wa mdudu huyu, na kwamba aliyeugundisha ni yeye. Jina alilitoa kwenye mawe.

"Mimi niliyebeba hema je?" shemeji alilalamika.

"Mawe yamembeba kwa muda mrefu zaidi."

Ule mguu hakuutupa. Aliupeleka kwenye droo moja baada ya nyingine, akiulinganisha na kila muundi uliokuwemo, na hakuna aliyeukubali. Mwishowe aliutia kwenye kichupa chake, akaandika lebo: *Mguu wa nyuma. Kijitoni, chini ya mlima. Mwenyewe hajulikani.*

Kisha akampigia shemeji simu.

"Jumamosi una kazi?"

"Ngoja kwanza. Ni mguu?"

"Ni mguu."

Shemeji alitoa pumzi ndefu, kama tairi lililochomwa msumari. "Sawa," akasema. "Lakini safari hii, shemeji, chupa za akiba nanunua mimi."