Rafadha ya Mapanga Mawili

Delbert Wroten alichuchumaa chini ya mashua yake akaitazama rafadha, ile feni ya chuma inayoisukuma mashua majini. Ilikuwa na mapanga mawili. Yeye alikuwa na hakika kwamba aliiacha na matatu.

Akahesabu tena, ingawa mtu mzima hahitaji kurudia kuhesabu mpaka mbili. Kisha akageuka kuona kama kuna aliyemwona. Hapakuwa na mtu. Asubuhi ile ya Oktoba uwanja wa Purnell ulijaa mashua za tanga zilizopandishwa nchi kavu, zimeegemea miguu ya chuma, kila moja imegubikwa turubai kuanzia omo mbele hadi tezi nyuma. Wenyewe wengi walikuwa bado makwao, kwa kuwa watu wa bima hawataki kusikia habari za kusafiri kusini mpaka msimu wa vimbunga ukatike.

Labda niliibadilisha, alijiambia. Rafadha ya mapanga mawili haikwamishi mashua ikiwa imetweka tanga. Yeye mwenyewe alikuwa akilisema hilo mezani mpaka wageni wanapiga miayo. Basi huenda aliinunua, akaifunga, akasahau. Na neno hilo la kusahau ndilo aliloliogopa.

Maana mwezi Julai daktari wa Richmond alimpa karatasi achore uso wa saa, kipimo cha watu wanaoanza kusahau, na Delbert, mwalimu wa hesabu tangu ujana mpaka kustaafu, alizirundika namba zote upande mmoja. Walipofika nyumbani Verna, mkewe, alimwekea sharti. Ndipo wakapatana: Delbert aiandae mashua mwenyewe, bila msaada. Ikiwa tayari, na ikiwa sawa, watashuka zao mpaka Florida na kuvuka kwenda Bahama, kama walivyofanya kila majira ya baridi. Akishindwa, mashua inauzwa. Purnell alikwisha kusema mnunuzi yupo.

Kwa hiyo Delbert hakumuuliza mtu habari za rafadha. Angeanzaje? Samahani Purnell, hivi mashua yangu ina mapanga mangapi? Habari ingemfikia Verna kabla ya chakula cha mchana. Akachukua msasa akaendelea na kazi.

Utaratibu wake ulikuwa chini kwanza. Turubai haliguswi mpaka tumbo la mashua limekwisha kupakwa rangi, kwa sababu alijijua: akipanda juu tu, atajilaza kwenye kochi la ndani, achemshe kahawa, akunjue ramani, na siku ndiyo imekwenda. Pale uwanjani walimtania sana kwa hilo. Basi akakwangua, akasugua, akapaka ile rangi nyekundu nzito yenye sumu ya kufukuza viumbe vya baharini visigande. Ilipokauka akarudia.

Kadiri alivyosonga ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa. Kipande cha zinki kwenye mtaimbo wa rafadha, kinachofungwa kiliwe na chumvi badala ya chuma, na ambacho alikifunga kipya majira ya kuchipua, kilikuwa kimeliwa na chumvi kikabaki kama mfupa wa kuku. Lile kovu kwenye mkuku, uti wa chini wa mashua, la siku mashua ilipopanda rundo la chaza kule Georgia, halikuwapo. Alilitafuta kwa kiganja upande huu, akazunguka akalitafuta upande wa pili. Akajiambia alilikarabati vizuri mno. Lakini alilikarabati lini? Akili yake ilikuwa ikimpa jibu kwa kila kitu, na hakuliamini hata jibu moja.

Jioni Verna alipiga simu kutoka nyumbani.

"Inaendaje?"

"Inakwenda."

"Hakuna tatizo?"

"Tatizo gani, mke wangu? Mashua ni ileile." Aliposema hivyo aliona haya, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu aoe alikuwa amemdanganya kwa woga.

Jumamosi Verna alifika na vitafunio vya siagi na nyama ya paja la nguruwe. Nyuma yake iliingia gari lenye namba za Pennsylvania, akateremka bwana mmoja mnene, Gus Hallek, akaja akasimama mikono kiunoni.

"Samahani, mzee," alisema. "Unafanya nini hapo chini?"

"Unaona mwenyewe. Napaka rangi mashua yangu."

"Yako?" Gus akalifunua turubai upande wa tezi. Delbert alitarajia kuliona jina la *Verna Mae*. Paliandikwa *Agnieszka*. "Huyu ni mama yangu," alisema Gus. "Yako sijui iko wapi."

Purnell alitoka ofisini kusikiliza, na alipoelewa alicheka mpaka akashika mguu wa chuma asianguke. Mashua mbili za kiwanda kimoja, weupe uleule, mstari wa buluu uleule. *Verna Mae* ilikuwa nyuma ya banda. Ilihamishiwa huko Agosti, dhoruba ilipokuwa inakuja, na ile ya Gus ikaja kuwekwa mahali pake.

Lakini hakuna aliyecheka kumpita Delbert. Alihisi kama ametolewa gerezani. Kumbe macho yake yaliona sawa! "Nilijua," aliwaambia. "Nilisema mapanga ni matatu. Na kovu, na zinki. Nikadhani nimerukwa na akili."

"Mimi silalamiki," alisema Gus. "Mwaka ujao njoo tena, bia juu yangu. Ila uje na rangi ya buluu, mama hapendi nyekundu."

"Ila na wewe, Purnell," alisema Delbert, akijifuta machozi ya kicheko, "unahamisha mashua ya mtu, hata kumwambia humwambii?"

"Nikwambie nini, nahodha, na tulikuwa wote?" Purnell alikuwa bado anacheka. "Si wewe uliyeshika kamba ya tezi siku ile? Mvua inatucharaza, wewe unanifokea nisiikwaruze. Hata pale nyuma ya banda ulipachagua mwenyewe, ukasema pana kinga ya upepo."

Gus akaangua kicheko kingine. Delbert akacheka naye, akaendelea kucheka, kwa sababu hakujua uso wake ungekuwaje akinyamaza. Alikuwa akiitafuta ile mvua kichwani mwake. Akaitafuta kamba, akaitafuta sauti yake mwenyewe ikifoka. Hapakuwa na kitu, wala dalili kwamba paliwahi kuwa na kitu.

Verna hakucheka. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya banda. *Verna Mae* ilikuwa pale, mapanga yake matatu, kovu lake kwenye mkuku. Delbert akaligusa.

"Sikumbuki, Verna. Hata hiyo mvua siikumbuki."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Siku ile nilikuwa garini, nakuangalia. Wiki iliyofuata ukaniuliza kama mashua yetu imesalimika."

Delbert alikaa juu ya gogo. "Basi mwambie Purnell amwite yule mnunuzi wake. Mapatano ni mapatano."

"Mapatano yalikuwa ya kijinga, na niliyatunga mimi," alisema Verna, tena kwa hasira. "Nilikuwa naogopa, nikakutega. Usukani nitashika mimi. Wewe utakaa kando yangu unifundishe kila kitu: wapi pana kina, wapi pa kutia nanga, injini ikigoma mtu anafanyaje. Kila siku, mpaka kichwa kiniume."

"Nikisahau njiani?"

"Mengine utasahau. Na mwakani labda hutaweza kunifundisha tena, Delbert. Ndiyo maana tunakwenda sasa." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Rangi imebaki?"

"Ndoo nzima."

"Kailete. Na brashi mbili."

Delbert akainuka akaenda. Alipofika kwenye kona ya banda alisimama. Mbele yake zilikuwa mashua tupu, nyeupe zote, safu kwa safu, na hakujua aelekee wapi.

"Kushoto," alisema Verna nyuma yake, na Delbert akakata kushoto.