Upande wa Kushoto wa Gauni

Ndugu yangu mbunifu hajui kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Nalisema hili mapema ili tusidanganyane. Alisoma miaka mitatu ng'ambo, akarudi na cheti chenye muhuri wa dhahabu, miwani isiyo na dawa, na neno moja: ilhamu. Kabla hajaondoka alikuwa akipata mawazo kama watu wengine. Siku hizi hapati mawazo, anapata ilhamu. Akiamka nayo, hata kitanda hatandiki. Akiikosa, hali wala hatoki chumbani mpaka nimpelekee chai mlangoni, na mimi mjinga nampelekea, kwa sababu ni kitindamimba wetu na mgongo huu ndio uliombeba.

Kushona nashona mimi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kina cherehani mbili, meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango wa jikoni, na kioo kirefu kilichopasuka pembe. Nina miaka ishirini na miwili humo. Ilhamu yangu mimi ni mteja: anaingia Jumatano, harusi ni Jumamosi, tumbo limeongezeka tangu nimpime, na anataka lisionekane. Hapo ndipo akili inapofanya kazi.

Wako saba kisiwani humu hao wanaojiita wabunifu huru. Huru na nini, sijui, maana wengi bado wanalala kwa mama zao. Mmoja alishonea makombe ya pwani kwenye pindo la sketi, mvaaji akitembea unadhani kabati la vyombo linahamishwa. Mwingine alitengeneza koti la nyavu, akasema ilhamu yake ni samaki. Nikamwuliza, samaki aliyevuliwa au aliyeponyoka? Akaliandika swali langu kwenye daftari, akanishukuru. Mwaka huu walipewa ukumbi wa hoteli wafanye maonyesho, wakaalika wageni wenye maduka ya nguo, na kila mbunifu akapewa fomu. Mstari wa kwanza: chimbuko la ubunifu wako, kwa maneno mia mbili. Ndugu yangu aliandika maneno mia tisa kabla hajakata hata kipande cha kitambaa.

Nilicheka sana. Kicheko kiliniishia siku alipofungua droo ya chini ya meza yangu.

Humo naweka karatasi za kukatia, zile ngumu za mifuko ya saruji, kila mteja na bahasha yake. Akachomoa bahasha iliyoandikwa "Mama", akazitandaza karatasi sakafuni, akapiga magoti.

"Dada! Upande mmoja umetulia, upande mmoja unasema! Hiki ndicho kisiwa chetu. Upande wa mawimbi na upande wa shwari!"

"Hilo ni gauni la Mama. Rudisha."

"Sanaa haina mwenyewe."

"Ina mwenyewe, na yuko uani anaanika shuka."

Hapa nieleze jambo ambalo yeye hakulijua. Miaka sita nyuma, yeye akiwa chuoni, Mama alikatwa ziwa la kushoto. Majirani waliambiwa amekwenda kumsaidia mpwa wake aliyejifungua. Hospitali walijua madaktari, nyumbani nilijua mimi peke yangu. Alinishika mkono pale kitandani akasema, "Mwanangu, kuishi nitaishi. Ila sitaki watu wajue. Wakijua, kila anayenisalimia atanitazama kifua kwanza, uso baadaye. Niapie." Nikamwapia. Tuliporudi tukajaribu kujaza pamba, lakini pamba ilihama, mara iko kwapani, mara iko tumboni, na Mama akaacha kutoka nje. Nilikaa wiki nzima na karatasi na mkasi. Nikabuni marinda kumi na moja membamba, yanaanzia bega la kushoto, yanafunguka palipo bapa na kupajaza, kisha yanatulia kwenye nyonga. Upande wa kulia ni mkato wa kawaida tu. Siku alipolivaa alijitazama kiooni mbele, akajitazama ubavuni, akachukua kikapu chake akaenda sokoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Basi ndugu yangu akamfuata Mama uani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Achana na nguo zangu, baba." Akarudi ananiambia Mama ni mnyenyekevu mno, hajui thamani yake, na kazi ya msanii ni kuwafunulia watu thamani yao. Nikamwambia kwa upole mara ya kwanza, kwa ukali mara ya pili, atafute mtindo mwingine. "Sababu?" akauliza. Sababu ndiyo nisiyoweza kuitoa. "Umeona?" akasema. "Dada, usikasirike, lakini wewe unashona, mimi naumba." Haambiliki, hasemezeki. Nikamshonea magauni matano huku nimeuma meno, nikijipa moyo kwamba nguo haina mdomo.

Wa kwanza kujaribu alikuwa binti wa mapokezi pale hotelini, mrefu, mpole, na kifua chake kamili kama alivyojaliwa. Gauni lilipopita kichwani nilijua litakachofanya. Marinda yakapanuka yote, na pindo la kushoto likapanda juu ya goti.

"Umekosea kushona," akaniambia ndugu yangu.

"Sikukosea."

Akamzunguka yule binti mara tatu, kidole mdomoni. "Basi mwili wake ndio wenye kasoro."

Mtoto wa watu akainamisha uso. Makubwa haya, madogo yana nafuu! Gauni limemshinda mbunifu, analaumiwa aliyeumba watu.

Kesho yake mchana nilitoka kununua zipu. Wakati narudi nikamkuta Mama kibarazani akivua viatu, tukaingia pamoja. Yule binti alikuwa amesimama mbele ya kioo ndani ya gauni, mikono juu, analengwa na machozi. Ziwa lake la kushoto lilikuwa limebanwa kwa bendeji, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka limelala kabisa. Ncha ya bendeji ilichungulia kwapani. Ndugu yangu alikuwa amechuchumaa akipiga pini kwenye pindo, na pindo lilikuwa limenyooka.

"Sasa! Sasa limekaa!" akasema bila kugeuka. "Kumbe titi moja ndilo lililokuwa likiharibu kazi yote. Likiondoka hilo, uzuri mtupu."

Sikuthubutu kumtazama Mama. Nilisikia tu pumzi yake.

"Mfungue huyo mtoto," akasema.

"Mama, subiri kidogo, hii ni..."

"Mfungue!"

Nilimfungua mimi. Binti akavaa nguo zake akatoka mbio, akasahau pochi. Mama akafunga mlango kwa komeo, akamwambia mwanawe ageukie ukutani. Akavua gauni lake, akabaki na shimizi, nikamvalisha lile gauni la maonyesho na kumpandishia zipu. Halikuhitaji pini hata moja.

"Geuka. Nitazame."

Akageuka. Alitazama pindo kwanza, kama walivyomfundisha. Akatazama marinda yaliyolala yametulia. Kisha akaiona bendeji mkononi mwangu, akamtazama Mama tena. Akakaa chini kwenye robota la kitambaa.

"Lini?"

"Ulipokuwa chuoni."

"Mbona hamkuniambia?"

"Kwa sababu una mdomo, baba," Mama akasema.

Alilia. Sisemi hakulia, alilia kwelikweli, kamasi mpaka kwenye miwani. Halafu akainua kichwa, na ndani ya yale machozi nikaona kitu kinawaka. "Mama," akasema, "watu wakiijua hadithi hii..." Mkono wangu ukaufuata mkasi wenyewe. Mama akaniwahi kwa jicho.

"Nguo peleka," akamwambia. "Nimekuzaa, siwezi kukuvunja miguu na safari umeshaianza. Lakini binti yeyote asifungwe tena. Na mimi usinitaje. Umenisikia?"

"Sitakutaja, Mama. Naapa mbele ya Dada."

Mama akambusu utosini. Nilikuwa na vidonge vyake tayari, nikavimeza mwenyewe. Siku mbili zilizofuata niliyafumua magauni yote matano, nikawaita mabinti watakaoyavaa mmoja mmoja, nikapunguza marinda kwa kila mwili ulivyotaka. Mbunifu alikuwa chumbani kwake akifanya mazoezi ya kuongea na kioo.

Maonyesho yalianza saa tisa alasiri. Tulikaa safu ya tatu, mimi na Mama na jirani yetu mpiga soga, ambaye kisiwani humu hupati habari kabla yake. Wabunifu walipanda mmoja baada ya mwingine kueleza ilhamu zao. Mwenye makombe alisema bahari inamnong'oneza. Mwenye nyavu safari hii alilivaa koti lake mwenyewe, akakwama kidole. Wa tatu alisema ilhamu yake ni ukimya, kisha akaongea robo saa. Wageni wenye maduka walikuwa wakitazama simu zao.

Ndugu yangu akapanda na karatasi yake ya maneno mia tisa. Mabinti wakapita na magauni, na yalikaa, nasema mwenyewe niliyeyashona, yalikaa vizuri kweli. Akaanza kusoma habari za mawimbi na shwari. Mgeni mmoja akapiga miayo, na ndugu yangu akamwona. Niliona jinsi alivyomwona. Akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni.

"Niwaambie ukweli," akasema. "Nyumbani kwetu yuko mwanamke mmoja. Simtaji. Nimeapa kutomtaja. Mwanamke huyo alikatwa titi, akaficha miaka sita, hata mimi sikujua. Marinda haya ndiyo yaliyomficha. Ilhamu yangu ni yeye."

Simu zote zikashuka. Halafu makofi, na watu wakasimama, na yeye pale juu machozi yanamtoka, mkono kifuani. Hana haya, hana soni! Alikuwa ameshika kiapo chake kwa herufi zake zote. Nyumbani kwetu tuko wanawake wawili, na kisiwa kizima kinajua tuko wawili.

"Yuko hapa?" mshereheshaji akauliza kwa furaha. "Asimame tumwone shujaa wetu!"

Macho ya ndugu yangu yalikuja safu ya tatu, na shingo zote zikayafuata. Jirani yetu aligeuka polepole, akaanza kumtazama Mama. Hakuanzia usoni. Mama alikuwa ameuvuta mkoba akaukumbatia kifuani, na vidole vyake vilikuwa vimekauka juu ya kamba.

Nikasimama.

Nilitupia mtandio bega la kushoto kabla watu hawajanitazama vizuri, nikaushikilia hapo. Makofi yakaongezeka. Wateja wangu wa miaka yote, niliowapima viuno na kuwatunzia siri za matumbo yao, wote walinitazama mahali pamoja, kisha wakanitazama uso kwa huruma, hivyohivyo alivyosema Mama kwamba watafanya. Mshereheshaji akashuka mbio na maikrofoni.

"Dada, una neno gani kwetu?"

"Sina. Ndugu yangu ameshawaambia yote."

Ndugu yangu aliganda jukwaani, mdomo wazi. Nilidhani labda sasa atasema, hapana, siye huyu. Akateremka ngazi, akanikumbatia mbele ya kamera, akanipigia kilio cha begani. "Ahsante, Dada," akaninong'oneza. "Umeniokoa."

"Si wewe," nikamwambia sikioni. "Wewe nisingekupa hata kifungo cha shati."

Akacheka akidhani natania. Wageni wakaja, wakataka picha ya mbunifu na ilhamu yake, nikasimama hapo nimeshikilia mtandio huku mkono ukinifa ganzi. Nyuma yangu nilimsikia jirani akimpapasa Mama mgongoni.

"Pole, mwenzangu. Kumbe mtoto kapitia yote hayo! Na wewe ulikuwa unajua?"

Mama alikuwa amesimama na wenzake. Mkoba alikuwa ameuweka kitini, mikono yake ikiwa huru, na alikuwa akinipigia makofi kwa nguvu kuliko watu wote.

"Sikujua," akasema. "Na mimi alinificha."